Mashine Haigandi Kwenye Mbalamwezi

Gungu, Kigoma
9 Septemba 2024

Alphonce mdogo wangu,

Mwakeye, kama bado unaikumbuka salamu hiyo. Huku hatujambo. Mama anakula vizuri, magoti yanamsumbua asubuhi tu. Esther wetu kaota meno mawili ya mbele na anamuuma kila anayembeba. Shemeji yako Crispin karudi ziwani tangu ziwa lilipofunguliwa, anakusalimu sana, maana yeye hana moyo wa kununa kama mimi.

Utajiuliza kwa nini karatasi wakati umenipigia simu mara kumi na moja. Sababu unaijua. Machi tulimzika baba bila wewe, nikanyamaza. Agosti ukaja siku tatu kufunga mashine yako mwaloni, boti zetu zinapotia nanga, ukalala lojini, ukaondoka bila kufika Kidahwe kutupa hata konzi moja ya udongo, na Kidahwe si mbali hata kwa bodaboda. Siku ile niliapa kwamba sauti yako sitaisikia mpaka ufike kaburini. Niliapa sauti, karatasi sikuitaja. Kwa hiyo utanijibu hivi hivi, na barua umpe Samson, kondakta wa basi.

Sasa nakuandikia kama katibu wa mwalo.

Ulituambia kila boti itakuwa na kijisanduku chake, kila dakika kitaiambia mashine boti iko wapi, na mvuvi akibonyeza kitufe chekundu king'ora kitalia mwaloni, boti ya doria itoke. Tulikuamini. Usiku wa tarehe 3 majambazi wa ziwani walimvamia Nassib. Alibonyeza mpaka kidole kikamuuma. King'ora kimya. Walichukua injini mbili, wakamvunja kijana wake taya kwa kitako cha bunduki, na kijana sasa anakunywa uji kwa mrija. Hamdani, anayeiangalia mashine, alikuwa kwenye kiti chake. Anasema iliganda. Nilifika nikaona mwenyewe: skrini inawaka, ramani ya boti ipo, saa imesimama kwenye nane na dakika kumi na nne. Ukibonyeza chochote haisikii. Tukaizima na kuiwasha, ikaamka kama haijafanya kitu.

Niambie ina nini.

Dada yako,
Verediana


Arusha
21 Septemba 2024

Dada Verediana, shikamoo.

Nimeipata barua yako kwa Samson, naye kaja na dagaa uliomfungia. Asante. Mimi ni mzima, kazi nyingi tu. Bosi wangu, Anatoli, anatafuta mialo mingine minne ya kufunga mashine kama hiyo. Mpe mama salamu. La Kidahwe tutalizungumza siku nyingine.

Pole kwa yaliyompata Nassib. Nikueleze kwa ufupi. Chini ya programu mnazoziona kuna programu moja kuu tunayoiita kiini. Kiini ndicho kinachogawa zamu: nani asikilize redio, nani aandike kwenye memori kadi, nani achore skrini. Kikiganda, kila kilicho juu yake kinaganda, hata saa. Na kikiganda hakiachi barua ya kuaga, ndiyo maana ni ugonjwa mgumu kuuona.

Sehemu ya kiini inayosikiliza redio niliiandika mimi, na nina hakika nayo. Nilipokuwa huko Agosti niliiacha inawaka siku tatu usiku na mchana, haikukohoa. Huenda ni umeme, au joto, au mtu anagusa asichokijua.

Ikiganda tena, nitumie memori kadi yake. Na Hamdani awe na daftari, aandike kila kitu, hata anachoona hakina maana.

Mdogo wako,
Alphonce


Gungu
7 Oktoba 2024

Alphonce,

Mama ni mzima. Mtoto ni mzima. Mimi sijui.

Mashine iliganda tarehe 30 na ikaganda tena tarehe 3. Ile ya tarehe 30 walipona kwa bahati, hakukuwa na jambazi. Ya tarehe 3 nitakuandikia yote, uyasome ukiwa umekaa.

Walikuja na boti mbili zisizo na taa. Nassib safari hii hakukubali kutoa injini, alisema heri wamuue. Wakamfunga kamba ya nanga kiunoni, wakamkata panga shingoni, wakamsukuma majini pamoja na nanga. Crispin alikuwa boti ya jirani. Alirukia maji, akashika ukingo wa boti yake ili ajifiche upande wa pili, na mmoja wao akapita akikata kila mkono aliouona umeshika mbao. Vidole vinne vya mkono wa kulia vya mume wangu vilibaki ndani ya boti. Tumevizika nyuma ya nyumba. Mama ndiye aliyechimba, mimi nilishindwa kuinama.

Nassib tulimpata siku ya tatu, kamba ilipolegea. Sitakuambia alivyokuwa.

Boti saba zilibonyeza kitufe chekundu, Alphonce. Saba. Skrini ilikuwa inawaka vile vile, saa imesimama kwenye tisa kasoro kumi. Hamdani alitoka nje na kupiga sufuria kwa jiwe ili watu wa doria waamke. Wakati wanawasha injini, kazi ilikwishaisha.

Watu wameanza kusema. Hamdani anakaa kwenye mashine siku za giza. Mbalamwezi ikija anakwenda Simbo shambani kwake na Jeremia anashika zamu. Kwa Jeremia haijaganda hata siku moja. Mimi sisemi kitu bado, lakini kila nikimfunga Crispin bandeji nalifikiria hilo. Hamdani nilisoma naye. Alinibebea madaftari.

Memori kadi hii hapa. Jibu upesi, mkutano wa mwalo ni mbalamwezi hii, wavuvi wote wakiwa nchi kavu.

Verediana


Arusha
14 Oktoba 2024

Dada Verediana, shikamoo.

Nimepokea kadi. Poleni sana kwa msiba. Mwambie shemeji namuombea.

Nimeisoma kadi yote. Mashine ni nzima na programu yake ni nzima. Mara zote tatu maandishi yamekatika ghafla, jinsi yanavyokatika mtu anapochomoa umeme. Mara zote tatu jina lililoingia kwenye zamu ni la Hamdani. Kwenye zamu za Jeremia hakuna hitilafu yoyote.

Tatizo si la kiufundi. Tafuteni mkono wa mtu.

Barua hii unaweza kuisoma mkutanoni. Nimeigongea muhuri wa ofisi.

Alphonce


Gungu
23 Oktoba 2024

Alphonce,

Sikusalimu leo. Utanisamehe au usinisamehe.

Niliisoma barua yako mkutanoni Jumamosi tarehe 19, saa nne asubuhi. Nilisimama juu ya kreti ili wasikie hata walio nyuma, na muhuri nikawaonyesha. Hamdani alikuwa amekaa mbele. Alitoka Simbo alfajiri na gunia la muhogo kwa ajili ya mjane wa Nassib, gunia liko miguuni pake. Nilipofika pale uliposema tafuteni mkono wa mtu, Jeremia akainuka.

"Mimi zamu yangu haijaganda," akasema. "Mungu shahidi."

Alisema kweli, ndiyo shida. Hamdani naye akasimama, akatia mkono mfukoni.

"Jamani, nisikilizeni kwanza. Nimeandika. Katibu, hesabu boti! Hesabu boti!"

Nikadhani ananidhihaki. Mume wangu vidole vimezikwa, na huyu ananiambia nihesabu boti. Kijana wa taya iliyovunjika ndiye aliyeanza, kwa jiwe. Baada ya hapo sikuweza kuwahesabu. Walimpiga kwa makafi, kwa minyororo ya nanga, kwa mateke. Walimburuta kutoka kwenye benchi mpaka majini na kumrudisha. Alipojaribu kutambaa chini ya boti iliyopinduliwa, wakaiinua boti. Mmoja alikwenda kuleta petroli, na mtu mmoja, Mwinshehe fundi wa injini, alimpiga huyo kichwa akamwaga petroli mchangani. Bila Mwinshehe tungemchoma.

Nasema tungemchoma. Mimi nilikuwa na kafi la Crispin. Nilimpiga Hamdani mara mbili, begani na juu ya sikio. Mara ya pili nilisikia kitu kikivunjika, na aliniangalia, Alphonce. Alinitambua.

Yuko hospitali. Hafungui macho, anatamka maneno machache tu. Mkewe Ziada anamlisha maji kwa pamba. Polisi wamewachukua watu watatu. Mimi hawakunichukua, maana mimi ni katibu, na katibu alikuwa ameshika karatasi.

Daftari lake lilianguka mchangani, nikaliokota. Nilitaka kulichoma. Jana nikalifungua. Wewe ulisema aandike hata kisicho na maana, akaandika. Kila usiku wake kaandika tarehe, saa, na hesabu ya boti zilizo majini. Usiku wa boti hamsini, shwari. Usiku wa sabini na mbili, shwari. Tarehe 3 Septemba, aliyoiandika baadaye kwa kukumbuka, boti mia na nne, iliganda. Tarehe 30, mia na kumi, iliganda. Tarehe 3 Oktoba, mia na ishirini na sita, iliganda. Chini kaandika kwa wino mwekundu: *Inazidiwa. Nimwambie katibu amwandikie mdogo wake.*

Sasa mimi niliyeishia darasa la saba nikuulize wewe. Ulifunga mashine Agosti, tarehe 18 mpaka 20. Mwezi ulikuwa mpevu. Mwezi ukiwa mpevu nani anakwenda kuvua dagaa kwa taa? Dagaa watafuata taa yako wakati ziwa zima linang'aa? Baba alikulea kwa dagaa. Alikuwa akikaa nyumbani siku hizo akishona nyavu, na wewe ndiye uliyekuwa unamshikia uzi. Ulijaribu mashine wiki ambayo wavuvi wamelala! Ilisikiliza boti ngapi? Nijibu kwa namba.

Na la pili. Nilikuandikia mara mbili kwamba skrini ilikuwa inawaka na saa imesimama. Aliyechomoa umeme anaiachaje skrini inawaka? Ulisoma barua zangu, au ulisoma kadi tu?

Daftari nakutumia. Ni la Hamdani, ulirudishe.

Verediana


Arusha
17 Novemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara tano. Natumaini mama hajambo, na Crispin jeraha limefunga. Na Hamdani, mpe pole yangu kama anasikia.

Zilikuwa boti nne. Kwa kweli hazikuwa hata boti, vilikuwa vijisanduku vinne nilivyoviweka kwenye meza ya ofisi ya mwalo, kwa sababu boti zenyewe zilikuwa zimepinduliwa mchangani. Niliziona zimepinduliwa. Nilipita katikati yake asubuhi na jioni, na sikujiuliza.

Kosa nimelipata. Daftari lilinifikia tarehe 28 Oktoba. Nikatengeneza redio ya kuigiza boti mia na ishirini, nikaiwasha tarehe 29 asubuhi. Iliganda baada ya dakika kumi na saba, mbele yangu, saa ikasimama.

Nitakueleza kwa stoo ya mama kule Kidahwe. Mama ameingia stoo kupanga mahindi, amefunga kwa ndani na ufunguo anao mkononi. Na sheria ya nyumba ni kwamba mgeni akibisha hodi, unaacha ulichoshika unamsikiliza kwanza. Mgeni akabisha. Mama akaacha mahindi akamsikiliza. Mgeni anasema: siondoki hapa mpaka unipe ufunguo wa stoo. Mama hawezi kutoa ufunguo mpaka amalize mahindi. Hawezi kumaliza mahindi mpaka mgeni aondoke. Watasimama hapo mpaka kiama, na nyumba nzima inawasubiri.

Kiini kilikuwa kinaandika orodha ya boti na ufunguo wa orodha kinao. Redio ikabisha hodi na salamu ya boti nyingine, nayo inataka ufunguo ule ule. Boti zikiwa nne, hodi haiangukii kwenye sekunde hiyo hata ungengoja miezi. Zikiwa mia, itaangukia tu. Dawa yake ni mstari mmoja: kabla ya kushika ufunguo, zuia hodi, ukimaliza fungua. Mstari mmoja, dada. Niliusahau mimi.

Kuna jambo sijakuambia, wala sijamwambia mtu. Iliwahi kuganda hapa Arusha mwezi wa saba. Mara moja, mchana, nikiwa nimeijaza vijisanduku vingi ili nimwonyeshe Anatoli. Nikaizima, nikaiwasha, nikaenda kula. Nilijiambia ni joto. Kadi yako ilipokuja Oktoba nilikumbuka siku ile. Anatoli alisimama nyuma ya kiti changu akasema tukikiri kosa mialo minne itatukataa, andika kwamba ni mtu. Nikaandika. Skrini inayowaka niliisoma kwenye barua zako zote mbili. Niliisoma, nikaipita, kwa sababu ingeniambia ukweli.

Na tangu tarehe 29 nimekaa na dawa mkononi, nikiogopa. Wiki hii nimeacha kazi, nimemwachia Anatoli funguo za ofisi mezani.

Kadi mpya yenye mstari huo iko ndani ya bahasha, ichomeke mahali ilipokuwa ile ya zamani. Daftari nalirudisha. Barua hii naomba uisome mkutanoni kama ulivyoisoma ile, uwaambie Hamdani hana kosa.

Alphonce


Mwaloni
28 Novemba 2024

Alphonce,

Mama anakusalimu. Jeraha la Crispin limefunga, anajifunza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto na anakasirika kikimponyoka. Kasoro za nyumbani ni hizo tu.

Hamdani alikufa tarehe 2 Novemba, tukamzika siku hiyo hiyo Ujiji. Nilikwenda. Nilisimama nje ya makaburi na wanawake wengine, hakuna aliyenifukuza wala aliyenisogelea.

Nimehesabu siku zako, maana marehemu kanifundisha kuhesabu. Ulijua tarehe 29. Basi la Samson lingefika tarehe 31. Hamdani alikuwa na siku mbili za kuishi na masikio yake yalikuwa yanasikia, Ziada anasema akitajiwa jina alikuwa anabana kidole. Neno alilokuwa anatamka ni lile lile, boti, boti. Mtu angeweza kumwinamia na kumwambia: umesema kweli, tumehesabu. Mimi ningemwinamia. Nilikuwa nakwenda hospitali kila siku nikiishia getini, kwa sababu sikuwa na la kumwambia. La kumwambia lilikuwa kwenye droo yako.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, ila safari hii kimemchukua asiyeumwa.

Kadi mpya nimeichomeka. Jeremia amekataa zamu ya giza, kila mtu amekataa, basi nakaa mimi. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha Hamdani, na daftari lake ndilo ninaloandikia hesabu. Jana boti zilikuwa mia na kumi na tisa. Saa haikusimama. Majira ya saa tisa Mwinshehe alibonyeza kitufe, injini yake ilikuwa imeshika moto na boti inaingia maji, king'ora kikalia mpaka Esther akalia nyumbani Gungu, na doria walimfikia kabla maji hayajamfika kiunoni. Nikaandika saa kwenye daftari. Mashine yako inafanya kazi, Alphonce. Ingekuwa inafanya kazi tangu Agosti.

Barua yako sijaisoma mkutanoni na sitaisoma. Ya kwanza niliisoma mimi, kwa mdomo wangu, na sote tunajua ilifanya nini. Hii utaisoma mwenyewe.

Mwezi utapevuka tarehe 15 Desemba, Jumapili. Boti zote zitakuwa mchangani na wavuvi wote watakuwepo. Njoo siku moja kabla. Nitakupokea stendi, tutapitia Kidahwe kwanza ushike udongo wa baba, kisha tutashuka mwaloni. Ziada nimemwomba akae mbele, pale alipokaa mumewe. Amesema atakuja. Utasimama juu ya kreti ile ile. Utasoma yote, na ya mwezi wa saba usiyaruke. Ukimaliza nitapanda mimi, niseme la kafi mbele ya Ziada na mbele ya polisi kama watakuwepo, na litakalokuja lije.

Usinipigie simu kuniambia unakuja, wala usimtume mtu. Uje. Kile kiapo cha kaburini kimefika mwisho wake. Nataka kuisikia sauti yako.

Verediana